Saad bin Abi Waqqas na Mama Yake: Kutomtii si Kumtelekeza



Ni wachache miongoni mwa wanaohudhuria darsa misikitini ambao hawajakisikia kisa cha Saad bin Abi Waqqas (r.a.) na mama yake. Husimuliwa katika mada ya kuthibiti juu ya dini: kijana amesilimu, mama amegoma kula, na kijana akamjibu kwamba hata angekuwa na roho mia moja zikamtoka moja baada ya moja, yeye dini hii haiachi. Hapo takbiri hupigwa na khatibu akaendelea na mengine. Sisi hatuna neno na khatibu huyo, kwani alilolisema lina asili katika vitabu. Neno letu ni juu ya pale anapokikatia kisa. Aya iliyoteremka kwa sababu ya mama huyu haikuishia kwenye kukataa, na mafakihi waliokuja baadaye walijenga juu ya ile sehemu inayoachwa hukumu ambazo mtoto mwenye mama mgonjwa anazihitaji kuliko takbiri ile.

Kila imamu amewahi kushikwa mkono baada ya swala na mtu mzima, mwenye mvi za ndevu, akaulizwa kwa sauti ya chini swali ambalo muulizaji hakutaka safu nzima ilisikie. Mama hakunilea, aliachika, akaolewa mji mwingine, mimi nikabaki kwa bibi. Au: mama aliniapiza nilipooa, na tangu siku hiyo hatusemezani. Sasa amepigwa na kiharusi, yuko kitandani, wadogo zangu wananiita. Nina wajibu gani? Wengi wetu tumejibu kwa haraka kuwa pepo iko chini ya nyayo za mama, kisha tukatafuta viatu vyetu. Jibu hilo lina asili katika hadithi, lakini halikumjibu aliyeuliza. Yeye hakuuliza kama mama ana cheo, analijua hilo. Ameuliza kama yaliyopita baina yao yanapunguza kitu katika deni lake.

Nyumba ya Abu Waqqas

Saad alikuwa Mquraishi wa Banu Zuhra, ukoo aliotoka Bibi Amina, mama yake Mtume (s.a.w.), ndiyo maana Mtume akimwita mjomba wake. Mama yake Saad ni Hamna binti Sufyan bin Umayya, mtoto wa ami yake Abu Sufyan bin Harb. Hakuwa basi bibi mnyonge wa pembeni ya mji. Alikuwa mwanamke wa nyumba kubwa ya Makka, na kusilimu kwa mwanawe kulikuwa aibu mbele ya watu wake wote. Na Saad alitangulia sana katika Uislamu, hata mwenyewe, kama ilivyopokelewa na Bukhari, akijihesabu kuwa theluthi ya Waislamu wa siku hizo. Umri wake, kwa riwaya zilizo mashuhuri, haukufika miaka 20.

Kisa kimepokelewa katika Sahihi Muslim, katika fadhila za Saad, na anayekisimulia ni Saad mwenyewe akimhadithia mwanawe Mus'ab. Mama aliapa kuwa hatasema naye kabisa, wala hatakula, wala hatakunywa, mpaka aikufuru dini yake. Kisha akamshika pale penye uchungu: akamwambia kuwa wewe unadai Allah amekuusia wazazi wako, basi mimi ndiye mama yako, nami nakuamuru hili. Msomaji azingatie hoja hiyo. Hamna hakuja na hoja ya masanamu. Alichukua mafundisho ya dini mpya ya mwanawe akamgeuzia. Na hoja ya namna hii ndiyo inayomvunja mtoto mwema, maana mtoto asiyejali asingeona mtego wowote.

Akakaa siku tatu. Akazimia kwa udhaifu. Mwanawe mwingine aitwaye Umara akainuka akamnywesha, naye alipopata nguvu akaanza kumwombea Saad dua ya shari. Katika njia ya Shu'ba, iliyomo pia katika Muslim, imeongezwa kuwa walipotaka kumlisha walikuwa wakimpanua kinywa kwa fimbo kisha wakimmiminia chakula. Maneno haya ni machache, na wengi tumeyasoma tukayapita. Lakini aliyewahi kumlisha mgonjwa anayekaza meno anajua hali ya nyumba ile ilikuwaje, na anajua kuwa mtoto aliyesimama mlangoni akijua kwamba yeye ndiye sababu hakuwa katika hali ya ushujaa wa mimbarini. Riwaya aliyoitaja Wahidi inasema wazi kuwa Saad alikuwa mtu mwenye kumtendea wema sana mama yake, na kwamba mama alimtishia kuwa akifa, watu watamwita muuaji wa mama yake.

Ama riwaya ya roho mia, Ibn Kathir ameinukuu kutoka kwa Tabarani katika tafsiri ya Sura Luqman, na mwisho wake ni kwamba mama alipoona mwanawe hatetereki alikula. Riwaya ya Muslim ndiyo yenye isnadi yenye nguvu zaidi, na ndani yake hatumsikii Saad akimjibu mama yake hata neno moja. Anayesema ni mama, anayetenda ni Umara, na jibu likaja kutoka mbinguni.

Ibn Saad katika Tabaqat ameleta habari kuwa Hamna alifanya mgomo kama huo kwa mwanawe mwingine, Amir, aliyesilimu na kuhamia Uhabeshi. Nyumba hii ilipasuka pasuka. Umayr bin Abi Waqqas aliuawa shahidi Badr mwaka wa 2 Hijria (624) akiwa kijana wa miaka 16, baada ya kulia mpaka Mtume (s.a.w.) akamruhusu kwenda. Mwaka uliofuata, Uhud, ndugu yao Utba alikuwa upande wa Makuraishi, naye ndiye anayetajwa kumpiga Mtume kwa jiwe na kumjeruhi. Basi asiseme mtu kuwa familia za Maswahaba zilikuwa shwari na zetu tu ndizo zenye mikosi.

Neno moja katika aya

Zipo aya mbili zinazotajwa katika sababu hii: aya ya 8 ya Sura Al-Ankabut na aya ya 15 ya Sura Luqman. Zote mbili zinakataza kuwatii wazazi wanapomshikilia mtoto amshirikishe Allah. Lakini ya Luqman inaongeza amri baada ya katazo: kaa nao duniani kwa wema. Na tazama mahali ilipokaa amri hii. Aya ya 14 iliyotangulia imetaja mimba iliyobebwa kwa udhaifu juu ya udhaifu, na kunyonyeshwa mpaka miaka miwili. Kisha mzozo. Kisha, baada ya mzozo, usuhuba.

Tunasema usuhuba kwa kukusudia. Neno lililotumika katika aya ni la mzizi uleule wa sahibu na usuhuba wa Kiswahili chetu, na wa jina la Maswahaba wenyewe. Maana yake ni kuwa pamoja na mtu, kuandamana naye. Allah hakusema wapelekeeni kitu. Qurtubi (aliyefariki mwaka 671 Hijria, sawa na 1273) ameitolea aya hii dalili ya kuwatunza wazazi makafiri kwa mali kiasi inavyowezekana wakiwa mafukara, kusema nao kwa ulaini, na kuwalingania kwa upole. Mali ameitaja kwanza lakini hakuishia kwenye mali.

Neno hilohilo limo katika ile hadithi ya Bukhari na Muslim ya mtu aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) ni nani anayestahiki zaidi usuhuba wangu mwema, akaelekezwa kwa mama mara tatu kabla ya kutajiwa baba. Na limo mahali pengine pasipotajwa sana. Muslim amepokea kuwa Abu Hurayra (r.a.) hakuwa akienda Hija mpaka mama yake alipofariki, kwa ajili ya usuhuba wake kwa mama huyo.

Habari ya mama wa Abu Hurayra nayo ilianza kwa uchungu. Alikuwa mshirikina, na mwanawe akimlingania. Siku moja alimjibu kwa maneno mabaya juu ya Mtume (s.a.w.). Abu Hurayra hakugombana naye. Alitoka akilia mpaka kwa Mtume akamwomba amwombee dua mama yake aongoke, naye akamwombea. Aliporudi alikuta mlango umerudishwa. Mama aliposikia nyayo zake alimwambia asimame palepale, naye akasikia mchirizi wa maji: mama anaoga. Akavaa kwa haraka, akafungua mlango, akatoa shahada. Abu Hurayra akarudi kwa Mtume akilia tena, safari hii kwa furaha. Kisa hiki hupendwa kwa sababu kina mwisho mzuri. Cha Saad katika riwaya ya Muslim hakina mwisho wa namna hiyo, na amri ya aya ni ileile. Hapa ndipo tunapotaka ndugu zetu maimamu wapaangalie. Mwenye mama aliyebadilika hahitaji fatwa nyingi. Fatwa inamhitaji yule ambaye mama yake, hata akiwa amelala kitandani hawezi kujigeuza, bado ulimi wake ni uleule.

Hali iliyo karibu zaidi na swali la yule mzee wa msikitini ni ya Asma binti Abu Bakr (r.a.). Mama yake, Qutayla, alikuwa ameachwa na Abu Bakr zamani za Jahiliya. Asma alikua, akasilimu, akahama. Kisha katika kipindi cha mkataba na Makuraishi, yaani baada ya Hudaybiya ya mwaka wa 6 Hijria (628), mama huyo akaja Madina akiwa bado mshirikina, akitaraji kitu kwa binti yake. Katika Musnad ya Ahmad imo kuwa alikuja na zawadi, na Asma akakataa kuzipokea na kumwingiza nyumbani mpaka Mtume (s.a.w.) aulizwe. Akaulizwa, naye akaamrisha aungwe. Asma hakuulizwa mama yako alikuwa wapi miaka yote hiyo.

Walichojenga mafakihi

Katika Al-Hidaya, kitabu kikubwa cha madhehebu ya Hanafi, Marghinani (aliyefariki mwaka 593 Hijria, sawa na 1197) anapofika kwenye matunzo ya wazazi anaileta aya hii ya Luqman, na anasema kwa maana kuwa haingii katika wema mtoto aishi katika neema za Allah huku akiwaacha wazazi wafe kwa njaa. Mzunguko ulioje! Mama wa Saad alitaka kujiua kwa njaa ili mwanawe atii. Aya ikaja kumwambia mwana asitii, na aya ileile ikawa, kwa mafakihi, dalili ya kuwa mama haachwi na njaa.

Katika madhehebu yetu ya Shafi, Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277) katika Minhaj, kitabu kilichosomeshwa miaka mingi katika pwani yetu, amewajibisha matunzo ya mzazi juu ya mtoto hata dini zao zikihitilafiana, kwa sharti kuwa mtoto anacho kinachozidi chakula chake na cha watu wake kwa siku hiyo. Wanavyuoni wa Hanbali wengi wameyafunga matunzo ya jamaa na urithi, hivyo wakasema dini ikitofautiana hayalazimu. Nao pia hawakuondoa wema na kuunga udugu. Ikiwa hayo ndiyo maneno ya Mashafi juu ya mama asiyekuwa Mwislamu, vipi mama anayeswali ambaye kosa lake ni kumchukia mkwe?

Ama ugonjwa, Khatib Shirbini (aliyefariki mwaka 977 Hijria, sawa na 1570) katika sharhi yake ya Minhaj ameingiza katika matunzo ya jamaa ujira wa tabibu na bei ya dawa, pamoja na mavazi, makazi na mtumishi akihitajika. Wanafunzi watakumbuka kuwa matunzo ya mke katika vitabu hivyohivyo hayakuingizwa dawa. Sababu ni kuwa matunzo ya mke yamekadiriwa kwa kipimo, na ya mzazi yanafuata haja. Haja ya mgonjwa ni dawa, basi dawa. Sindano, kitanda cha hospitali, nauli ya kwenda kliniki na mtu wa kumlinda usiku vyote vimo humo. Mama mwenye mali yake hadaiwi mtoto matunzo haya, na hapo unabaki usuhuba, ambao haulipiki kwa fedha.

Ipo mas'ala moja katika Minhaj inayofaa kusomwa taratibu. Matunzo ya mke yakipita siku bila kutolewa huwa deni juu ya mume. Matunzo ya mzazi yakipita hayawi deni. Yamekwenda, isipokuwa kadhi awe ameingia kati. Mwenye kutafuta wepesi anaweza kuona hapo nafuu: mwaka mzima sikupeleka kitu, na sidaiwi. Sisi tunaisoma kinyume. Deni lina njia ya kulipwa. Siku ambayo mama alikohoa peke yake hadi alfajiri haina.

Katika kumuuguza, sheria imempa mtoto wa kiume nafasi ambayo wengine wanaikimbia kwa kisingizio cha haya. Akiwepo binti, mke au muuguzi wa kike wa kumwosha mama na kumbadilisha nguo, hao ndio wa mwanzo. Asipokuwepo mtu, dharura inamruhusu mwana kuyafanya hayo kwa kiasi cha haja, akiweka kitambaa baina ya mkono wake na mwili wa mama na kuinamisha macho. Tabari amepokea kutoka kwa Mujahid, mwanafunzi wa Ibn Abbas, kwamba lile katazo la kuwaambia wazazi “ah” katika Sura Al-Israa linaikusudia hasa hali hii: wamefikia uzee wa kujisaidia hapohapo walipo, basi usionyeshe kinyaa, kwani wao walikusafisha ulipokuwa mdogo wala hawakuonyesha.

Na je, akikaa naye anarudi chini ya amri yake? Hapa ndipo wengi wanapoogopa. Mtu anasema: nikirudi kwa mama ataniambia nimwache mke wangu, au ataninyang'anya watoto kwa maneno yake. Jawabu limo katika mpangilio wa aya yenyewe, kwani utiifu na usuhuba zimewekwa mbali mbali. Saad alinyimwa ruhusa ya kutii akiwa chini ya amri ya kukaa na mama kwa wema, kwa wakati mmoja. Basi inafaa kwa mwana kuketi ukingoni mwa kitanda, akamnywesha mama uji, akasikia maneno asiyoyapenda, akasema ndiyo mama, nimesikia, kisha akarudi kwake asimwache mke asiye na kosa. Hana lawama kwa kutotekeleza. Angekuwa na lawama kwa kutofika. Na kama kila akiingia mgonjwa anachafukwa mpaka hali yake inazidi kuwa mbaya, basi akae chumba cha pili, atume mkono wa mwingine, alipe, aulize hali, asitoweke. Hapo tutakuwa tumechukua kiasi kinachowezekana, na Allah hamkalifishi mtu zaidi ya uwezo wake.

Swali la laana nalo haliepukiki, maana ndilo linalowatia watu hofu. Hadithi ya Juraij, mchamungu wa Bani Israil aliyeitwa na mama yake akaendelea na swala yake mpaka mama akamwombea shari na dua ikapokelewa, imo katika Bukhari na Muslim, nayo ni ya kuogopwa. Lakini mama wa Saad naye alimwombea mwanawe shari, tena akiwa katika udhaifu wa siku tatu. Saad huyo akaja kuwa, kwa dua ya Mtume (s.a.w.) iliyopokelewa na Tirmidhi, mtu mashuhuri kwa kujibiwa dua zake. Juraij aliitwa kwa jambo la halali akachelewa. Saad aliitwa kwenye shirki. Kwa hiyo anayeogopa laana ya mama aangalie kwanza mama alimwita kwenye nini.

Saad alipougua

Mwaka wa 10 Hijria (632), katika Hija ya kuaga, Saad aliugua Makka mpaka akadhani ni mauti. Ulikuwa mji uleule aliozimia mama yake, naye akiogopa kufia katika ardhi aliyoihama. Mtume (s.a.w.) akaja kumtazama. Saad, ambaye wakati huo hakuwa na mrithi ila binti mmoja, akataka kutoa theluthi mbili za mali yake sadaka, akakatazwa, nusu, akakatazwa, theluthi, akaambiwa theluthi, na theluthi ni nyingi. Hapo ndipo ulipotoka mpaka wa wasia ambao makadhi wanautumia hadi leo. Lakini katika mlango wa wagonjwa wa Sahihi Bukhari limo jambo jingine: Mtume (s.a.w.) aliweka mkono wake juu ya paji la uso wa Saad, akampangusa uso na tumbo, akamwombea shifaa. Saad alikuwa akisema kuwa ubaridi wa mkono ule aliendelea kuuhisi ndani yake mpaka saa ile anaposimulia.

Alipona. Alikuwa amiri wa jeshi huko Qadisiyya, akaujenga mji wa Kufa mwaka wa 17 Hijria (638), akapata watoto wengi baada ya yule binti mmoja. Alifariki mwaka wa 55 Hijria, kama 675, huko Aqiq, akabebwa kuzikwa Madina. Wanawe ndio waliotupokelea hadithi hizi mbili: Amir ile ya wasia, Mus'ab ile ya mama. Na katika riwaya ya Mus'ab, Saad anazitaja aya zilizoteremka kwa sababu yake mfululizo, kiapo cha mama kikiwa cha kwanza na ugonjwa wake mwenyewe ukifuata mbele yake. Miaka mingi imepita, yeye ni mshindi wa Qadisiyya na mmoja wa kumi waliobashiriwa pepo, na anapomtaja mwanamke yule mbele ya mwanawe anamwita mama yake Saad.